Maji ya Moto ya Nyumba za Watu

Ujerumani Magharibi
Novemba, 1977

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Hapo Majengo mnaendeleaje, na mvua zimeshaanza? Mimi mwili ni mzima, chakula napata, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Moyo ndio hauko sawa, na leo nitakueleza kwa nini.

Barua yenu nimeipata. Ulimwambia mke wangu Pelagia aandike kwamba nyote hamjambo na mtoto ananyonya vizuri. Akaandika. Lakini pembeni ya karatasi akaongeza ya kwake: kwamba ulipokuwa ukiipua debe la maji ya kumkanda yeye baada ya kujifungua lilikuponyoka, maji yakakuunguza mguu, na ukamkataza kuniambia. "Nyie mwacheni Gaudensi asome. Mguu ni wangu, si wake." Mama, hata kwenye maumivu hukosi la kusema! Nilicheka, halafu nikalia.

Niliisoma asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwa mama mmoja mjane, wa makamo yako. Huku mafuta yamepanda bei, kwa hiyo watu wanataka mashine mpya ya kupasha maji. Ni kama jokofu lililogeuzwa kazi: inavuta joto kwenye hewa ya chumba cha chini ya nyumba na kulisukuma kwenye pipa la maji. Mwanzoni nilibisha kwamba hewa ya baridi haina joto la kuvutwa. Tulikuwa tumeliteremsha pipa ngazini watu watatu, tukaunga mabomba, tukawasha na kuiacha ifanye kazi usiku kucha. Siku hiyo tulirudi kukagua tu. Yule mama akaniambia, "Fungua wewe, umehangaika sana." Nikafungua bomba la jikoni. Yakaja ya moto, mama, bila moshi wala ukuni hata mmoja. Mwenyewe akanuna kidogo kwamba yanachelewa kupanda. Alikuwa amengoja muda wa Salamu Maria moja.

Nikaona aibu mpaka nikashindwa kufunga bomba.

Sasa nisikilize. Niliwaandikia kwamba chuo kimeongeza muda. Si kweli. Masomo ya majokofu yalikwisha mwezi wa tano na tiketi ya kurudi nilikuwa nayo mkononi. Ni mimi niliyemfuata fundi mkuu nikaomba kubaki. Niliipenda kazi, na nilipenda Wazungu waniite fundi. Nilijua Pelagia ana mimba. Kuni za arobaini ya uzazi hupasuliwa na baba wa mtoto. Baba alipasua za kwangu, umenihadithia mwenyewe mara ngapi. Nilijua usipokuta zimepasuliwa utazifuata wewe njia ya Katumba, uzibebe kichwani. Nilijua, nikabaki.

Pelagia, najua ni wewe unayemsomea mama. Usiruke hapa, na usinisafishe. Wewe nimekudanganya kuliko wote.

Jumatatu nilimwambia fundi mkuu kwamba mkataba mwingine sitii sahihi. Amekasirika, maana nyumba nne zinatungoja. Wakae wangoje, au wapashe maji kama walivyokuwa wakipasha. Nitapanda ndege mwisho wa mwezi, na kutoka Dar nitakuja na treni.

Nisalimie mjomba Kasiani, aliyenifokea utotoni kila nilipofungua redio yake. Nisalimie shangazi anayeleta dagaa kutoka Ikola. Nasikia ndiye anayekuuguza, na sijui nitamshukuruje. Mwanangu mbusuni, na mnapombusu msimtajie baba yake bado.

Mama, msamaha siuombi kwa barua. Nikifika, yale yote uliyonayo moyoni yaseme, tena mbele ya mke wangu. Sitajitetea. Ila mguu usinifiche.

Mwanao,
Gaudensi