Kabila la Mtu Mmoja

Jumapili, 5 Oktoba 2025
Naahidi kuandika yote, hata ya aibu. Sare ya kesho nimeshaipiga pasi. Mwalimu wa historia anataka kila msichana aeleze asili ya jina la ukoo wake, Alkhamisi ya wiki ijayo. Kwa wenzangu ni rahisi. Ukilitaja jina tu, watu wanaujua mji wenu. Mimi ni Salma Aldersike. Baba alikuwa Mwingereza, alifariki nikiwa mdogo. Sijasikia mwengine hapa Oman mwenye jina hili. Thuraya wa darasani kwetu akasema, "Kabila la mtu mmoja. Basi shekhe wake ndiye wewe." Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Iliniuma.

Jumatatu, 6 Oktoba
Bibi alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza kuhusu kwao Baba. "Nnakumbuka siku ya harusi," akasema, "upande wake hakuja mtu. Nikajiuliza, huyu katoka wapi peke yake?" Mama hajui zaidi. Baba hakupenda kuulizwa.

Jumatano, 8 Oktoba
Maktaba ya shule. Nimelipata jina letu. Jina la kaskazini ya Uingereza: kijito kinachopita kwenye miti ipendayo maji. Pana ramani yenye nukta kila walipo watu wa jina hili. Nukta chache mno, karibu zote bonde moja. Nimeitazama mpaka kengele ikalia. Huku mtaani kwetu Hail wadi, yaani bonde la mto, ni kavu, lakini nilisikia maji, baridi, yakipita chini ya majani. Nina watu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Bondeni yuko Margaret Aldersike, anauza jibini. Barua pepe ya duka lake iko mtandaoni. Nimemwandikia, nimemwita Shangazi. Mama akasema Waingereza hawahesabu hivyo, jina moja si lazima udugu. Sikulifuta.

Jumanne, 14 Oktoba
Kimya. Naogopa.

Alkhamisi, 16 Oktoba
Nimesoma kazi yangu mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka. Thuraya akauliza, "Na hao watu wako wanakujua?" Nikasema bado.

Ijumaa, 17 Oktoba
Amejibu. Baba yake mdogo alikuwa na mwana, Peter, aliyeondoka nyumbani akiwa kijana na hakuandika tena. Jina la baba yangu. Anauliza kama alikuwa akilala macho nusu wazi. Mama alisoma, akacheka, kisha akalia. Ndivyo alivyokuwa akilala.

Jumamosi, 18 Oktoba
Asubuhi tulivu. Nimemwandikia Shangazi kwamba ndiye, na kwamba tulimzika hapa Maskati. Nimeomba anijibu jambo moja tu, asikawie: miaka yote ile, kuna mtu aliyemtafuta?