Samaki wa Plastiki wa Kaka Yako

Paulina mwanangu, wajukuu wangu hawajambo?

Nimefika salama Basotu kwa kaka yako. Siku hizi anavua kambare kwa chambo cha samaki wa plastiki. Mvua imechafua ziwa, kwa hiyo jana alichagua yule mweusi anayelia kama njuga, ati kambare asipomwona amsikie. Akamrusha, yule samaki akanasa kwenye matete karibu na kiboko mmoja. Kaka yako akakunja suruali aingie majini kumtoa samaki wake. Nikamshika shati.

"Huyo ulimnunua. Wewe nilikuzaa."

"Mama, kiboko amelala."

"Basi usimwamshe."

Akakata uzi. Jioni tulikula maharage matupu, nikawa namtazama tu mpaka akauliza kama ana kitu usoni.

Wafunike watoto vizuri, baridi ya huko kwenu Daudi naijua.

Mama yako anayekupenda