Leo Nimembeba Amani Mgongoni

Jumanne, saa tisa alasiri. Mvua ilianza alfajiri na njia ya mtaa wetu wa Mudzipela imekuwa tope tupu. Hakuna mteja hata mmoja aliyepita. Siku nyingine ningekuwa nimenuna, lakini leo nina furaha mpaka naona haya.

Leo nimembeba mjukuu wangu mgongoni.

Kwa mtu asiyenijua, hilo si la kuandika. Bibi kumbeba mjukuu, ajabu iko wapi? Lakini Amani ana miezi saba, na sikuwa nimembeba mgongoni hata mara moja. Mimi ni fundi wa nguo. Mashine yangu ni ya kukanyaga kwa mguu, na miaka kumi na tisa ya kuikanyaga imeniachia maumivu ya kiuno na nyonga ya kuume. Kulikuwa na asubuhi nilizoinuka kitandani kwa zamu: kwanza kiwiko, kisha goti, kisha maombi.

Niseme ukweli wote. Binti yangu Neema alipopata mimba akiwa mwaka wa tano wa sekondari, nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hasira ilipopoa nikamwahidi: zaa, mtoto atabaki na mimi, weye utarudi kumaliza mwaka wa sita. Shule zilipofunguliwa nilikuwa siwezi hata kumwinua mtoto kutoka kwenye mkeka. Neema alikunja sare yake akaiweka chini ya nguo nyingine. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Mimi huku nilikuwa najitibu kwa akili zangu. Nilijifunga kitenge kiunoni, kwa nguvu, kama tunavyojifunga baada ya kuzaa, toka asubuhi hadi wakati wa kulala. Mwaka mzima! Maumivu yakizidi, nakaza fundo. Nikajiona mjanja.

Kisha akaja Furaha. Yeye ni kine, mtaalamu wa kunyoosha viungo, na alileta kitambaa cheupe nimshonee blauzi ya kazi. Alikaa akinitazama nikishona, mpaka akasahau habari ya blauzi.

«Mama, weye unakaa na tako moya tu,» akasema. «Na ile kitenge iko nafanya kazi ya mugongo. Misuli yako imelala.»

Nilitaka kukasirika. Mteja anipimie makalio katika atelie yangu mwenyewe, hapa hapa ninaposhona! Lakini nilipotazama mto wa kiti changu, ulikuwa umebonyea upande wa kuume peke yake. Miaka yote nimekaa nimegeukia mlangoni ili nipate mwanga na, tusidanganyane, ili nione nani anapita.

Furaha aliniuliza kama miguu inakufa ganzi, akaniinamisha, akanipapasa nyonga. Aliporidhika kwamba si ugonjwa wa kunipeleka hospitali mbio, alinilaza kwenye mkeka katikati ya vipande vya vitambaa. Nikunje magoti, niinue makalio polepole, nihesabu hadi tano, nishuke. Kisha nisimame kwa mikono na magoti, nikunje mgongo juu, niulegeze chini, nikipumua. Kisha nipige goti moja, kama mtu anayeingia kanisani, nisogeze kiuno mbele kidogo mpaka sehemu ya mbele ya nyonga inyooke. Kitenge nikifungue kidogokidogo, kila siku muda mrefu zaidi.

Na mpira. Alisema nitafute mpira mdogo, niuweke kati ya ukuta na nyama ya tako, nijisugue taratibu.

Mpira sikuwa nao. Nikachukua marakuja, tunda la pasheni. Sihitaji kueleza lilivyopasuka, wala sketi ilivyokuwa. Neema alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu ajifungue. Kwa hicho tu nilimshukuru Mungu.

Nikakumbuka kwamba mimi ni fundi. Nikakusanya mabaki ya vitenge, nikayakaza, nikayashona yawe mpira mgumu wa kuenea kiganjani. Nikakosea tena: nikaukandamiza juu ya mfupa wa mgongo wenyewe, kwa nguvu, maana nilikuwa na haraka ya kupona. Siku mbili sikukaa kwenye mashine. Furaha alikuja akanigombeza kama mtoto. Mpira ni wa nyama, si wa mfupa. Na ikiuma vikali, unaacha.

Nikaanza upya, nikiwa mpole. Kila asubuhi, na tena mchana kabla ya kula. Kiti nikakigeuza, wapita njia sasa wananipita bila ruhusa yangu. Wiki ya tatu niliinuka kitandani mara moja tu, bila zamu, nikasimama nikishangaa. Wiki ya tano nilimwinua Amani kutoka chini, nikiwa nimekunja magoti, mtoto karibu na kifua, kama nilivyofundishwa. Nililia. Yeye akanivuta pua.

Jana jioni nilitoa ile sare chini ya nguo, nikaipiga pasi, nikaiweka juu ya kitanda cha Neema.

Asubuhi hii Neema alivaa sare akatoka kwenda shule kwenye mvua, viatu mkononi. Nikamfunga Amani mgongoni. Nikamlaza alipochoka, nikampa uji, nikambeba tena. Nyonga ilinguruma kidogo karibu na adhuhuri, nikajisugua ukutani, ikatulia. Asante, Furaha. Asante, mwili wangu, nilikukaza fundo mwaka mzima na bado umekubali kurudi.

Neema amerudi amelowa hadi magoti. Alisimama mlangoni akitutazama, mtoto amelala, shavu limebanwa kwenye bega langu. Nilidhani ataniuliza kama naumwa.

«Mama,» akasema kwa sauti ndogo, «na kesho niende tena?»

Nilimwambia aende kesho, na keshokutwa, mpaka mwaka uishe. Kisha, bila kugeuka ili asione uso wangu, nikamwomba msamaha kwa yale maneno.