Makocha Wawili na Salamu ya Mjomba

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Hapa Manyoni bibi yako hajambo, magoti tu yanamsumbua, na alizeti imekubali mwaka huu.

Umeniuliza nani bora, kocha wenu wa zamani mliyefungwa naye sana au huyu mpya anayewapa ushindi. Nasi tulikuwa nao wawili. Wa kwanza, kabla ya mechi, alitupitisha pembeni ya uwanja tuwaamkie wazee wa wenyeji. Tulifungwa karibu kila mahali. Wa pili alisema salamu zinalegeza miguu, akazikataza. Tukaanza kushinda.

Siku moja tulicheza Itigi. Mjomba wangu aliyenilea alikuwa amesimama kwenye mstari. Nikampita nikitazama mbele, kama nilivyoagizwa. Tukashinda, na bao la mwisho lilikuwa langu.

Mechi ilipokwisha, mjomba akanijia. Mbele ya timu nzima akainamisha kichwa, akaniambia, "Shikamoo."

Mimi sikuweza kuitikia.

Kwa ushindi, Elia, kocha wa pili alikuwa bora. Ila kila unaponiandikia shikamoo, huwa nakaa kwanza kabla ya kuandika marahaba.

Babu yako