Daftari Lililowashiwa Jiko

Baba watoto,

Wali nimeufunika jikoni. Mdogo anywe dawa saa nane, kijiko kimoja tu.

Leo ndiyo mashindano yangu ya kuunda maneno kwa herufi, na asubuhi hii umechana daftari langu ukawashia jiko! Magazeti yako ya mpira yalikuwa palepale, hukuyagusa. Miaka sita nimekusanya humo maneno adimu ya Kiingereza yenye zed mbili zinazofuatana. Nilipolia ukacheka: “Si maneno tu, tena hakuna anayeyasema!”

Naenda na yaliyobaki kichwani. ~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi nikirudi.

Hata “samahani” sijawahi kuisikia kinywani mwako. Mbona bado nakutunzia neno hilo?

Mama watoto