Beseni Nililoliweka Juani

Shikamoo, Mama. Tafadhali usiitikie. Tangu tukuzike, kila nikiingia chumbani kwako natoa salamu kwa mazoea, halafu nasimama nikiogopa nisije nikasikia marahaba.

Kesho ni arobaini yako. Wifi Zuhura ameshafika kutoka Nangurukuru na mchele, na Kinjumbi yote itajaa hapa. Kabla hawajaja nina neno langu na wewe, mimi mkweo wa Rutamba, uliyekuwa ukinicheka kwamba nikiona kitu kinaota lazima nikipeleke juani.

Unakumbuka tulivyoanza? Maji ya ufukweni yalipozidi joto, mwani wetu ukawa mweupe kwenye kamba, ukalainika, ukaoza. Wenzetu wakang'oa vigingi. Wewe ukabisha. Ukatafuta mwani mwekundu wenye vipele vya mbegu, ukauweka kwenye beseni la maji ya bahari, juu ya makombe ya chaza, hapo chumbani kwako penye kivuli. Mbegu zikadondoka, ndogo kuliko vumbi la unga, zikashika kwenye makombe. Bibi mmoja mtaalamu wa mwani aliyekuja kututembelea akakuachia kipimajoto, akafunga uzi mwekundu pale ambapo joto lisipite, maana namba hukuzijua. Ukasema, "Hawa watoto wachanga, mwanga wa kuchungulia tu unawatosha." Nikifunua, unanipiga kikofi. "Funika! Haya si mahindi!"

Tulipoona vidoa vyekundu vya kwanza kwenye makombe, mbegu zimeota, ulilia, Mama. Na mimi nikalia.

Asubuhi ile presha ilipokuchukua, waoshaji walitaka chumba kiwe wazi. Kitanda nje, sanduku nje, ndoo nje. Beseni nililibeba mimi, kwa mikono yangu hii, nikaliweka uani kwenye jua kali, nikaenda kuchemsha maji ya kukuoshea. Wallahi sikuwaza. Nililikumbuka baada ya maziko. Joto lilishaupita uzi. Vidoa vilikuwa vyeupe, kombe baada ya kombe. Wifi alipouliza, nikamwambia mbuzi amelimwaga, nikalificha uvunguni kwako. Hata mwanao, mume wangu, hajui.

Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Nusu ya beseni ilikuwa imefunikwa. Ile kanga yako ya kisutu, uliyofia nayo, tuliyokuvua kule kule ndani, ilikuwa imetandazwa juu yake, pindo limechomekwa kwa chini kama unavyochomeka wewe. Nimewauliza waoshaji, nimewauliza majirani. Hakuna aliyeitoa nje. Na chini ya ile kanga, makombe mawili yalikuwa na vidoa vichache, vimefifia, lakini vyekundu.

Sasa mchana nikiwa jikoni nasikia maji yakitingishwa. Nikienda, hakuna mtu, na kanga imekaa sawa kuliko nilivyoiacha. Nywele zinanisimama. Maana kama ni wewe uliyefunika, basi uliniona nikilibeba, na ulinisikia nikimsingizia mbuzi.

Ni mimi, Mama. Siku uliyokufa, niliwaua watoto wako. Nisamehe.

Waliobaki wameanza kuchipua, urefu wa punje ya mchele. Nabadilisha maji alfajiri, kabla bahari haijapata moto, na sifunui ovyo. Wakishikika kwa vidole nitawafunga kwenye kamba yako, kule kwenye maji ya kina. Hiyo ni ahadi.

Na kesho watakapotandika mikeka watasema tena, toeni vitu. Beseni halitoki. Nitakaa mbele yake, nitamwambia wifi mbele za watu kwamba mbuzi hana kosa. Akinitukana, anitukane. Akisema nirudi kwetu Rutamba, nitarudi watoto wako wakishafika baharini, si kabla.

Basi pumzika, Mama yangu. Usihangaike tena na kanga, nitafunika mwenyewe.

Shikamoo. Safari hii, ukitaka, itikia.