Kaka Mselemu na Pole ya Mashine

Mtaa wa Sokoni,
Singida Mjini.
9 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kauthar,

Assalaam alaykum warahmatullah. Makiwa, mdogo wangu. Unaendeleaje na eda? Unakula? Usingizi unakuja, au bado unakesha? Na yule mtoto mdogo, bado anamuulizia baba yake? Nakuwaza kila siku nikimaliza kuswali. Mimi ule mguu niliofanyiwa upasuaji Kiomboi umepona vizuri, natembea mpaka sokoni bila mkongojo, alhamdulillahi.

Huku baridi imeanza na ule upepo wake. Alizeti inaingia kiwandani kwetu kutoka Issuna na Kinyangiri, mashine ya kukamua hailali, na sote tunanuka mafuta mpaka kwenye mashuka.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako najua shemeji zako wanaishika, na haya sitaki wayajue. Soma ukiwa peke yako.

Nianze na lile jibu. Siku mumeo alipofariki uliandika kwenye namba ya kiwanda, kama tunavyofanya sote, maana ndiyo iliyokuwa namba ya baba na sasa ndiyo ya kaka. Ukajibiwa: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Mashudu yapo, karibu sana." Mtu amefiwa na mume, anakaribishwa mashudu, makapi ya alizeti ya kulisha ng'ombe! Mimi nilikuwa kitandani hospitali sijui hili wala lile, na mazishi yakapita bila mtu wa kwetu. Ulipomwandikia kaka kwamba huna ndugu, ulikuwa na haki.

Aliyekujibu ilikuwa ni mashine. Kaka aliifungisha kwenye simu ya kiwanda, akautangazia mtaa mzima kwamba sasa ana akili mnemba. Akili gani? Ilikuwa na jibu moja la kukariri. Ungeiandikia salamu, ungeiandikia nyumba inaungua, ingekuambia mashudu yapo. Na mtu mzima hovyo yule anatembea kifua mbele, eti amewatangulia wafanyabiashara wote wa Singida. Limbukeni!

Nilipotoka hospitali nilimsema vibaya. Unadhani alikupigia simu? Thubutu! Alinunua nyingine. Hii sasa kweli ndiyo akili mnemba, wanaiita wakala. Kijana aliyekuja kuifunga nilimkalia hapo hapo nikamhoji mpaka nikaelewa. Ile ya kwanza inafanya kilekile ilichopangiwa, basi. Hii ya pili unaipa lengo tu, njia inatafuta yenyewe. Inasoma ujumbe wa zamani, inajua nani ni nani, inaandika, na ukiijibu inaamua yenyewe iseme nini tena. Kaka hakutaka kusikiliza, yeye anajua kila kitu. Akaipa lengo: isibaki lawama hata moja kwenye ile namba. Wakulima, madereva, wanunuzi wa mafuta, wote walitiwa kapu moja, na wewe ukiwamo.

Sasa jikaze, mdogo wangu. Ile pole ndefu uliyoniambia ilikuliza, ambamo kaka anakuita Kau wake, na anaahidi kuja arobaini akae na shemeji zako wasikutoe kwenye ile nyumba ya marehemu, hakuiandika yeye. Ni hiyo mashine. Jina lako la utotoni ililikuta kwenye ujumbe wenu wa zamani. Ikaona ukiahidiwa utatulia, ikakuahidi.

Nimejuaje? Ijumaa aliniita ofisini anionyeshe maajabu yake. Akaniambia huku anacheka, "Hata Kauthar imemnyamazisha!" Nikamuuliza atasafiri lini kwenda kwenye arobaini. Akaniangalia. "Arobaini ya nani?"

Nilitamani kuvua kiatu. Nilimpasha mpaka wabeba magunia wakasimama mlangoni kusikiliza. Nikamwambia, "Mdogo wako amewaambia watu huko kwamba kaka yake anakuja, na wamekubali kumngoja." Akainamisha kichwa, nikadhani limemwingia. Astaghafirullah! Akachukua simu, akaiagiza mashine: mwandikie Kauthar msamaha, tia na huzuni kidogo. Kwa hiyo ule msamaha wa Ijumaa jioni nao ni wa huko huko. Ufute.

Mashine siilaumu, haijui kufiwa ni nini. Anayejua ni yeye, aliyezaliwa tumbo moja na wewe, halafu anatafuta wa kumsaidia kusikitika. Namdharau, Kauthar, na nimemwambia hivyo hivyo usoni.

Shemeji zako usiwaambie chochote. Nimempigia Baba mdogo Abdulhamidi kule Kiomboi. Sikumaliza hata maelezo. Alisema, "Binti yangu nani wa kumtoa?" akaanza kuulizia mabasi ya kuja huko kwenu Mtwara. Tunakuja wote wawili, na tutafika kabla ya arobaini. Yeye atakaa na wanaume, aulize habari ya nyumba mbele ya watu wazima wa huko, na mimi nitalala chumbani kwako. Mpaka tufike, usitie saini karatasi yoyote watakayokuletea, hata wakikubembeleza.

Baba mdogo anakusalimu sana. Mkewe, Bi Rahma, anakupa makiwa, na ananiletea unga wa uwele nikubebee. Kristina jirani yetu anasema anakutaja katika sala kanisani kwao kila Jumapili. Wabusu wanao wote. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, ampanulie kaburi lake, na wewe akupe subira na afya ya kuwalea.

Barua zetu huwa zinasema kwamba wote nyumbani wanakusalimu, hata yule ambaye hakukukumbuka. Mselemu hajakusalimu, na mimi sitamsemea.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwanabaraka